Upana wa Dole Gumba

Dada yake alimwambia siku moja kwamba akifa watamzika na rula yake mfukoni, ili akifika huko apime upana wa lango kabla ya kuingia. Mzee Rula hakucheka. Alimuuliza kama anajua kwamba tofauti ya milimita kumi na nne na kumi na tano inaweza kumfikisha mtu kwenye lango hilo kabla ya siku zake.

Dada hakujua. Alikuwa mshonaji, na kwake milimita zilikuwa kitu cha kukunjia pindo.

Jina la Rula alipewa kazini, na mwishowe hata mkewe akamwita hivyo. Ilikuwa rula ya plastiki, nyepesi, inayoonyesha upande wa pili, na ilikaa kwenye mfuko wa shati lake siku za kazi na siku za harusi. Aliingia maabara ya hospitali kubwa akiwa mwosha chupa, na darasa la saba ndilo lililokuwa shule yake yote. Yaliyobaki alijisomea mwenyewe, kwenye vitabu vilivyokwisha kutoka majalada, kamusi pembeni, akirudia ukurasa mmoja wiki nzima mpaka usalimu amri. Baada ya miaka saba akaacha kuosha chupa. Baada ya kumi, madaktari walikuwa wakishuka ngazi wenyewe kuja kumuuliza. Zamani hizo daktari alikuwa na miguu.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Usaha wa mgonjwa huletwa kwenye kijiti chenye pamba. Hupakwa kwenye sahani ndogo yenye ute mgumu ambao vijidudu huupenda kama chakula, kisha sahani huwekwa kwenye kabati la joto hadi kesho yake. Kesho yake vijidudu vimeota. Mzee Rula alivijua kwa macho. Wale waitwao stafilokoka huota kama matone ya nta, ya manjano, yanayong'aa. Hukaa puani na kwenye ngozi za watu wazima wa afya, hawamdhuru mtu, wanangoja tu mlango. Kidonda ni mlango.

Vikishaota, huchukuliwa kidogo vikapakwa sahani nyingine yote, na juu yake hupachikwa vikaratasi vya mviringo, vidogo kama vile vinavyodondoka kwenye mashine ya kutoboa mafaili. Kila kikaratasi kimelowekwa dawa yake. Dawa inayoua huacha duara safi kukizunguka kikaratasi chake. Dawa isiyoua, vijidudu huota mpaka kwenye ukingo wa kikaratasi, kama watu wanaoegemea ukuta wa polisi aliyelala. Hapo rula hutoka mfukoni. Duara hupimwa, na kwenye fomu huandikwa neno moja: inaua, au sugu.

Alipoanza kazi, duara la erithromisini lilikuwa pana kama kizibo cha soda. Aliliona likipungua mwaka hadi mwaka. Akawaambia wauza dawa, akawaambia waganga, akawaambia majirani wanaomeza vidonge vitatu na kuviweka vinne kabatini. Walimwitikia "sawa, mzee" kwa sauti ile wanayotumia kumtuliza mlevi. Alikasirika miaka thelathini na minne mfululizo, na nadhani hasira hiyo ndiyo iliyomnyima kitambi.

Alikuwa na jambo moja alilolipenda kuliko yote. Wako stafilokoka wengine wanaoikataa erithromisini waziwazi, lakini mbele ya klindamisini hujifanya watiifu. Weka klindamisini peke yake, utapata duara kubwa zuri, nawe utafurahi. Lakini erithromisini ikiwa jirani, vijidudu hivyo huinusa, hushtuka, na silaha vinazochomoa huzizuia dawa zote mbili. Basi vikaratasi vya dawa hizo lazima vikae jirani, upana wa dole gumba kati yao. Ikiwa duara la klindamisini limebapa upande ule unaomtazama jirani, kama kitufe kilichokatwa kwa mkasi, basi dawa hiyo asipewe mgonjwa. Atapata nafuu siku mbili tatu, aamini amepona, halafu mambo yageuke.

Hili alilisoma kwenye gazeti la kitabibu lililokuwa limeshatupwa. Akalijaribu, akaliona kwa macho yake, na tangu siku hiyo hakuna sahani ya stafilokoka iliyopita mikononi mwake bila vikaratasi hivyo viwili kukaa kama mke na mume. Wafanyakazi wapya walipomwomba awaandikie, alikasirika.

"Kazi hii haiandikwi, inatazamwa. Simama hapa utazame."

Walisimama. Wengine walitazama, wengine walitazama simu.

Akastaafu. Walimpa saa ya ukutani na hotuba, wakachukua ufunguo.

Dada Mkubwa, kama mtaa wote ulivyomwita, hakuwa na wa kumstaafisha. Alikuwa na miaka sabini na miwili na bado alikanyaga cherehani kuanzia asubuhi hadi macho yakatae uzi. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake. Miguu yake ndiyo iliyomvisha na kumpeleka shule. Alikuwa na chumba kimoja cha mbele chenye dirisha la barabarani, cherehani ya kanyagio, na kamba iliyotundikwa nguo za watu, kila moja na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini: kifua, kiuno, urefu.

Kanyagio lilikuwa limevunjika pembe. Alilifunga kwa waya. Waya ukamkwaruza juu ya kifundo cha mguu wa kulia, akaupuuza, kisha mkwaruzo ukawa kidonda. Akaenda duka la dawa, muuzaji akamhesabia vidonge sita kwenye karatasi ya gazeti bila kuuliza hata kidonda kiko wapi. Akameza vinne. Maumivu yakapoa.

Mzee Rula alivikuta viwili vilivyobaki ndani ya kopo la vifungo.

"Hizi ni nini?"

"Dawa. Nimepona, nimebakiza."

"Umebakiza? Dawa ni kitambaa hii, ubakize kipande cha kiraka?"

"Usinipigie kelele kwangu, kitindamimba. Mguu ni wangu."

"Mguu ni wako. Wadudu ni wa watu wote."

"Basi waite waje wachukue wadudu wao, mimi nina gauni la bi harusi."

Wiki haikuisha mguu ukavimba hadi kwenye goti. Homa ikampanda, akawa anaongea na marehemu mama yao kuhusu bei ya uzi. Mzee Rula na mkewe wakampeleka hospitali kubwa, akalazwa, usaha ukachukuliwa. Alichomwomba daktari siku hiyo ya kwanza, kabla hata ya kutundikiwa chupa ya maji, kilikuwa kimoja tu: "Mwanangu, mimi sikatai kuumwa. Ila mguu huu ndio kazi yangu. Uniachie unaokanyaga."

Daktari, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alisema atajitahidi.

Siku ya tatu majibu yalikuja. Mzee Rula aliikuta fomu miguuni mwa kitanda, akaivuta kama mwalimu anavyovuta daftari la mwanafunzi mtundu. Stafilokoka. Penisilini, sugu. Kloksasilini, sugu. Kotrimoksazoli, sugu. Erithromisini, sugu. Klindamisini, inaua.

"Bibi ana bahati," daktari alisema. "Imebaki moja. Tumeshaianza asubuhi."

"Kikaratasi chake kilikaa jirani na nani?"

"Samahani, mzee?"

"Cha klindamisini. Jirani yake sahanini alikuwa nani?"

Daktari akamtazama mke wa Mzee Rula, kama kumuuliza tatizo hili lilianza lini.

Mzee Rula akashuka maabara. Siku zake, mlango ule ulikuwa wazi. Sasa palikuwa na dirisha la kioo lenye tundu chini, na nyuma yake karani wa kupokea sampuli.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nifungulie niione sahani ya dada yangu."

"Huruhusiwi, mzee. Ndugu wa wagonjwa mwisho wao hapa."

"Mimi si ndugu wa mgonjwa."

"Si umesema dada yako?"

Watu wawili kwenye foleni wakacheka. Mzee Rula akavuta pumzi, akaomba aitiwe aliyepachika vikaratasi. Akatoka mtaalamu wa zamu, mwanamume mwenye adabu, aliyeajiriwa baada yake. Akamweleza kwamba siku hizi hawapachiki kwa mkono. Wana kifaa wanachokiita mhuri: unakiweka juu ya sahani, unabonyeza mara moja, vikaratasi vyote vinashuka pamoja na kukaa duara.

"Na ndani ya mhuri mmevipanga vipi?"

"Kwa tarehe ya kuisha muda, mzee. Vinavyoisha mapema upande huu, vinavyochelewa upande ule. Ghala ndivyo wanavyotaka. Hakuna kinachoharibika tena."

"Erithromisini iko wapi?"

Mtaalamu akafikiri. "Upande huu."

"Klindamisini?"

"Upande ule."

Basi. Zilikaa mbali kama watu waliogombana msibani. Mzee Rula akaeleza habari ya jirani, ya harufu, ya duara lililobapa. Alieleza huku akichora kwa kidole kwenye kioo. Mtaalamu akasikiliza, na kwa haki yake niseme alionekana kuamini. Lakini hakuwa na ruhusa ya kurudia kipimo. Lazima daktari aombe.

Kesho yake daktari hakuona sababu. "Mzee, majibu yanasema inaua. Na tazama mwenyewe, homa imeshuka."

Ilikuwa imeshuka kweli. Dada Mkubwa alikuwa ameketi, akimsema muuguzi kwa namna alivyokunja shuka.

"Ndiyo ilivyo," Mzee Rula akasema. "Inashuka kwanza."

"Kwa hiyo unataka ipande?" dada yake akamuuliza. "Mtu mzima unamwonea kinyongo mgonjwa nafuu yake!"

Kesho yake ilikuwa Jumamosi na daktari hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa wa wodi tatu, na kila Mzee Rula alipomkaribia alikuwa anaondoka. Jumapili Mzee Rula alibonyeza kwa kidole juu ya kifundo, nyama ikabaki na shimo, na dada yake, ambaye hakuwa mtu wa kulia, akageuzia uso ukutani. Jioni homa ilirudi.

Jumatatu daktari alikuja, akaukagua mguu, akasema neno ambalo vijana wa siku hizi hulitoa kwa shida: "Huenda ulikuwa sahihi, mzee." Akakaa kwenye kompyuta ya wodi kuomba kipimo. Kompyuta ikakataa. Ilisema kipimo hicho cha mgonjwa huyo kimekwishafanyika, na hakirudiwi mpaka zipite siku saba.

"Iambie ni muhimu," alisema Mzee Rula.

"Haiambiwi, mzee."

"Zamani ulikuwa unaandika kwenye kipande chochote cha karatasi, hata cha sigara, unashuka nacho ngazi."

"Nikishuka na karatasi hawaipokei. Karatasi haina namba."

"Basi mpe dawa nyingine."

"Iliyobaki ni ya mshipa, na ufunguo wake anao mkuu wa kitengo. Haitoki bila majibu yanayosema nyingine zote zimeshindwa. Na majibu yanasema hii inaua." Aliinamisha kichwa. Hilo nalo lilikuwa duara, ila halikupimika kwa rula.

Jumanne asubuhi Mzee Rula hakwenda dirishani. Alisimama kwenye lango la wafanyakazi, akamngoja mkuu wa maabara aliyekuwa kwenye semina wiki nzima. Alimfundisha yeye mwenyewe, tangu akiwa binti anayeogopa kushika waya wa kupakia vijidudu ukitoka motoni. Alipomwona anateremka na mkoba wake, akamwita kwa jina la utani la zamani.

"Kijiti!"

Mama mzima wa miaka hamsini akageuka kama msichana. "Baba! Shikamoo. Kuna nini?"

Akamweleza wakiwa wamesimama pale pale, magari yakipita. Alipofika kwenye vikaratasi viwili, mkuu akafunga macho.

"Vya jirani," alisema.

"Vya jirani. Unakumbuka! Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha. Mara moja, nikiwa na ujauzito, nikahamishiwa kitengo cha damu mwezi uliofuata. Nimerudi huku umeshaondoka. Nikatafuta kwenye miongozo yetu yote, baba. Kila kabati. Hukuandika popote."

"Niliwaambia watazame."

"Waliokutazama wamestaafu au wamehama. Mhuri ulipoletwa, waliuliza kama kuna mpangilio maalumu. Nani angewaambia? Mimi nilikumbuka kuna kitu ulikuwa unafanya na kidole gumba, sikukumbuka na dawa zipi."

Mzee Rula alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa ameyaandaa kwa siku tano, kuhusu mashine, kuhusu ghala, kuhusu vijana, yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililojibu hilo.

"Twende," mkuu akasema. "Vaa koti langu la akiba."

Sahani ilikuwa imeshatupwa, lakini vijidudu vyenyewe vilikuwa vimehifadhiwa kwenye kichupa katika jokofu. Mkuu alivipaka upya. Mzee Rula akashika koleo ndogo. Akaweka erithromisini. Akalaza dole gumba lake juu ya kioo cha sahani, nje, kama alivyofanya mara elfu. Akaweka klindamisini. Wafanyakazi wanne walisimama nyuma yake, na safari hii hakuna aliyeshika simu. Mkuu alikuwa anaandika.

Jumatano asubuhi waliinua sahani kwenye mwanga. Duara la klindamisini lilikuwa kubwa, safi, la kupendeza, na upande mmoja lilikuwa limekatwa wima.

Mzee Rula alikuwa ameota kwa siku sita atakavyolitamka neno "nilisema," lakini alichotoa sasa kilikuwa rula tu, akapima. Mkuu akampigia daktari, akayabatilisha majibu ya kwanza kwa sahihi yake mwenyewe, na adhuhuri dawa ya mshipa ikaanza kudondoka kwenye mkono wa Dada Mkubwa.

Dawa iliua. Lakini vijidudu vilikuwa vimepata siku sita za kutafuta mahali pazuri, vikapata mfupa. Daktari wa upasuaji alifungua kifundo, akakwangua, akafunga. Baada ya wiki mbili akafungua tena, akakishikiza kifundo kwa vyuma. Mguu ulibaki. Majirani waliokuja kumwona walimshukuru Mungu, wakasema wangapi wamekatwa, wakasema ana nyota.

Siku ya kutolewa vyuma, daktari kijana aliushika unyayo kwa mikono miwili, akausukuma juu, akausukuma chini. Haukwenda popote. Ulikuwa kama kiatu kilichokauka juani.

"Utatembea vizuri, bibi," alisema. "Kwa fimbo mwanzoni, baadaye hata bila fimbo."

"Sikukuuliza kutembea."

"Bibi, kutembea ni jambo kubwa."

"Nilikuuliza siku ya kwanza, mwanangu. Nakuuliza tena. Utakanyaga?"

Daktari akamtazama Mzee Rula, akitafuta msaada. Mzee Rula angeweza kusema tusubiri, angeweza kusema mazoezi, angeweza kuwataja wa kulaumiwa mmoja mmoja kuanzia muuza dawa hadi yeye mwenyewe. Alikuwa amesoma majibu maisha yake yote, na hakujua kuyasoma kwa namna nyingine.

"Hapana, dada," alisema. "Hautakanyaga."

Dada Mkubwa alivuta shuka, akaufunika mguu, akalinyoosha pindo mpaka likakaa sawa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayempa kazi mwanafunzi wake:

"Nenda nyumbani. Kuna nguo kumi na moja kwenye kamba. Kila moja ina jina. Warudishie wenyewe vitambaa vyao kabla hawajaja kunisumbua."

"Tutatafuta mtu wa kukanyaga, wewe uongoze kitambaa."

"Mguu wa mtu mwingine na mkono wangu? Hujui unachosema. Nenda."

Akaenda. Alizitungua nguo moja moja, akasoma karatasi zilizobanwa kwa pini, akapita mlango kwa mlango. Wengi walimpa pole, mmoja akalalamika kwamba ni sare ya shule na shule zinafunguliwa. La mwisho lilikuwa gauni la bi harusi, limekwisha mwili wote, lina mkono mmoja. Binti mwenyewe alilipokea mlangoni, akaligeuza huku na huku.

"Mkono wa pili uko wapi, mjomba?"

Mzee Rula akaingiza mkono ndani ya mfuko wa plastiki, akakitoa kipande kilichokwisha kukatwa, kimechorwa chaki vizuri mahali pa kushonea.

"Huu hapa," alisema. "Vipimo vimo. Tafuta mshonaji."

"Nani atashona kama yeye?"

Mzee Rula akaihamishia karatasi ya vipimo kwenye kile kipande cha mkono, akaibana kwa pini, kisha akaaga.